Bloku ya chuma kwenye gitaa la tremolo: inafaa pesa yake?

Assalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena. Kabla sijasema mengi, sikilizeni nota hii. Uzi wa tatu, freti ya 12, yaani kile kipande cha chuma cha kumi na mbili kwenye shingo ya gitaa, napiga mara moja na kuuwacha… Mmesikia ilivyokatika mapema? Haya, sikilizeni hii nyengine… Gitaa ni lile lile, ampu ile ile, na sikugusa swichi hata moja. Kilichobadilika kimo humu nyuma, ndani ya huu uvungu wa springi.

Nawaambieni kwa nini jambo hili linanikera kiasi hichi. Mie napiga taarab. Pembeni yangu pana fidla, na fidla ina upinde, nota inavutwa mpaka mwenyewe atosheke. Gitaa halina upinde. Ukishaupiga uzi umemaliza, kilichobaki ni sasteini, yaani ule muda nota inaoishi baada ya kupigwa. Mwimbaji anavuta irabu, fidla inamfuata, gitaa limeshanyamaza katikati ya njia. Naona haya, wallahi.

Sasa tazameni hapa. Hili ni gitaa la umbo la Stratocaster, lenye tremolo, yaani huu mkono wa chuma wa kuyumbisha sauti. Daraja lake, hapa nyuzi zinapokalia, halikugandishwa kwenye mbao. Mbele limeegemea skrubu, na chini yake kuna hiki kipande kizito, bloku, kinachovutwa na springi. Nyuzi zinavuta upande huu, springi upande wa pili. Uzi ukitikisika, daraja nalo linatikisika kidogo, na kila linapotikisika linakula nguvu ya uzi. Bloku ikiwa nzito, inakuwa shida kuitikisa, kwa hivyo nguvu inabaki kwenye uzi. Siri yenyewe ndiyo hiyo.

Mtengeneza magitaa Mmarekani, Leo Fender, alipoitoa Stratocaster mwaka 1954, bloku ilikuwa ya chuma. Miaka ya 1970 kiwanda kikahamia kwenye aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, na magitaa mengi ya bei nafuu mpaka leo yana zinki, tena nyembamba. Yangu niliichukua soko la Darajani kwa muuza viungo nikamwomba anipimie kwenye mizani ya iliki. Ya zamani gramu 140 na kitu. Hii mpya ya chuma karibu 290. Ipokeeni mkononi mtaona tofauti. Ziko pia za shaba ya njano, kama njumu za milango ya Mji Mkongwe, na hizo ni nzito zaidi ya chuma kwa ukubwa ule ule.

Lakini ngojeni, msikimbilie kuagiza. Mie niliagiza ya mwanzo kwa pupa, muuzaji akanihakikishia inaingia gitaa lolote. Haikuingia. Yangu, kutoka tundu la uzi wa kwanza mpaka la uzi wa sita ni milimita 52.5, aliyoniletea ilikuwa 56. Tena ilikuwa ndefu, ingetokeza mgongoni kwa gitaa. Pimeni vitu vitatu: nafasi ya matundu ya nyuzi, nafasi ya zile skrubu tatu za juu zinazoifunga bloku kwenye daraja, na kina cha bodi, yaani unene wa mwili wa gitaa. Chukueni rula, msikisie.

Na kabla ya kutoa hata senti, kuna mambo ya bure. La kwanza ni nyuzi. Sie tunaishi na chumvi. Ukipiga usiku mmoja ufukweni Paje, upepo wa bahari unaingia kwenye mizunguko ya nyuzi nene, inashika kutu, sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Futeni kila uzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu mara mkimaliza kupiga. Hakuna bloku itakayofufua uzi uliokufa.

La pili, na hili wengi hawalijui: pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zikiwa juu sana, sumaku zake zinaushika uzi, zinauzuia kucheza. Bonyezeni uzi kwenye freti ya mwisho, pimeni mpaka kwenye sumaku. Uzi mnene milimita 2, uzi mwembamba 1.6, anzieni hapo. Nilipozishusha zangu, sauti ile ya kuyumbayumba kwenye nota za juu iliondoka siku ile ile. Kwa kusema kweli, hapa ndipo nilipopata faida kubwa zaidi kuliko nilivyotarajia.

La tatu, springi. Lilegezeni tyuni kwanza, halafu kazeni skrubu mbili za nyuma zinazoshika springi mpaka daraja lilale juu ya mbao. Sasa mkono wa tremolo utashusha sauti tu, hautapandisha, lakini bati zima la daraja linagusa mbao na nota inakaa. Tena uzi ukikatika katikati ya nyimbo, zilizobaki hazipotezi tyuni. Asiyeutumia mkono kabisa, aende kwa fundi seremala amchongee kabari ya mti mgumu, aitie baina ya bloku na ukuta wa uvungu upande wa mkia. Mie sikutia kabari. Ule mtikiso mdogo wa mkono unanipa kitu kinachofanana na sauti ya mwimbaji inavyotetemeka, na siuachi.

Baada ya hayo yote ndipo nikafunga chuma. Sauti imekuwa na kifua zaidi kwenye nyuzi nene, na nyembamba zimepata ukali safi usiochoma sikio. Nota inaishi zaidi, si mara mbili, lakini inatosha kumaliza msitari wa mwimbaji. Ilinigharimu malipo ya shoo mbili za hoteli. Kama yako ni zinki nyembamba, nunua, hutojuta. Kama gitaa lako tayari lina bloku nene ya chuma, pesa hiyo nunulia nyuzi.

Jambo moja la kutu: chuma hiki kimepakwa, ila ndani ya matundu mlikuwa wazi. Nimepitisha mafuta ya cherehani kidogo kwa pamba.

Haya, mwenzangu wa fidla ameshafika. Tunapiga pamoja nota moja, yeye kwa upinde, mie kwa kidole. Sikilizeni nani anaanza kunyamaza.