Nairobi hadi New York: moja kwa moja au kupitia Dubai?

Kwa mstari mnyoofu, Nairobi na New York zimeachana kwa kilomita zipatazo 11,800. Kenya Airways ilianza kuunganisha miji hii bila kituo Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14, kwa sababu pepo kali za angani huvuma kutoka magharibi: ukienda zinakupinga, ukirudi zinakusukuma.

Ukipitia Dubai, unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki, ilhali Marekani iko upande wa magharibi. Kilomita 3,500 na ushee kwanza, kisha nyingine 11,000 hivi. Angani pekee utakaa karibu saa 19, na bado hujahesabu kusubiri uwanjani.

Kwa mama mzee anayekwenda kumwona mjukuu, mimi ningelipia ya moja kwa moja bila kusita. Hakuna kutafuta geti, hakuna hofu ya kuachwa na ndege ya pili. Saa 15 kitini, hata hivyo, si mchezo. Magoti huuma, na wengine huona afadhali wanyooshe miguu Dubai.

Msafiri wa Dar es Salaam hesabu yake ni tofauti. Yeye Nairobi pia ni kituo, na kutoka Dar kuna ndege za kwenda Dubai moja kwa moja. Hapo basi aangalie nauli na muda wa kusubiri.