Transilvanian Hunger ya Darkthrone: uzoefu wangu wa miezi mitatu

"Sindano imekufa hiyo."

Ndivyo alivyosema fundi wangu wa redio pale Manzese, siku niliyokwenda kuchukua gramafoni ya marehemu baba. Alikuwa ameshabadilisha mkanda na kusafisha mota, na ili kuijaribu nilimpa santuri niliyokuja nayo kwapani. Ikalia dakika mbili. Akaisimamisha, akachomoa sindano, akaweka mpya, akarudia. Sauti ile ile: gitaa linavuma kama nyuki ndani ya debe, ngoma iko mbali kama inapigwa nyumba ya tatu, na juu yake mtu anakwaruza koo. Mzee akachukua santuri yake mwenyewe, ya dansi la zamani, akaiweka. Ikatoka safi, tarumbeta zinang'aa. Akanitazama.

Nikamwambia, "Samahani mzee, ningekuambia mapema. Santuri ni nzima. Wamerekodi hivyo makusudi."

Akairudisha. Safari hii aliinamisha kichwa karibu na spika, akafumba macho, kidole kikigonga meza kufuata ngoma. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. "Kweli," akasema. "Mashine mbovu huyumba mwendo. Hii haiyumbi hata kidogo. Huyu kijana anajua anachofanya."

Nimesoma maoni mengi ya wasikilizaji kuhusu albamu hii. Wako wanaoiita kilele cha blaki metali, ile roki kali na ya giza, na wako wanaoiita kelele za chumbani. Sijaona hata mmoja aliyeieleza vizuri kuliko mzee yule, na alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Kwa asiyewafahamu, Darkthrone ni watu wawili wa Kolbotn, nje kidogo ya jiji la Oslo, Norwei: Fenriz na Nocturno Culto. Albamu ilitoka Februari 1994 kupitia lebo ya Uingereza iitwayo Peaceville. Ina nyimbo nane, jumla kama dakika 39. Fenriz alipiga ala zote peke yake, akajirekodi nyumbani kwa kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne, ile mashine ndogo ambayo wanamuziki wengi waliitumia kurekodi majaribio tu kabla ya kwenda studio. Nocturno Culto akaja kuweka sauti yake. Hakuna zaidi.

Ukisikia habari hiyo unaweza kudhani walikosa pesa au ujuzi. Hapana. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1991, waliirekodi Stockholm katika studio ya Sunlight, ambayo wakati ule bendi za dethi metali, aina nyingine ya roki nzito, zilikuwa zinaitafuta kwa udi na uvumba. Isikilize albamu ile: nzito, imepangwa, kila ala imekaa mahali pake. Mwaka uliofuata wakageuka kabisa, na lebo yenyewe ilishtuka ilipoletewa kazi mpya. Kwa hiyo hawa walishaijua njia ya lami, wakashika ya vumbi kwa hiari yao. Kila hatua waliyopiga tangu hapo iliondoa kitu, mpaka 1994 wakafika hapa, ambapo sioni tena cha kuondoa.

Sasa niseme inavyosikika, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema, kama nilivyokata mimi. Mara ya kwanza niliizima kabla wimbo wa pili haujaisha.

Gitaa halipigwi kwa kukata-kata kama roki ya kawaida. Mkono wa kulia unapandisha na kushusha piki, kile kidude cha kupigia gitaa, juu ya waya kwa kasi moja bila kupumzika, hadi noti zinayeyukiana na huwezi kuzihesabu. Lakini wimbo uliomo ndani ya kasi hiyo unatembea taratibu sana. Noti chache zinazunguka, zinarudi zilikotoka, zinazunguka tena. Mkono unakimbia, wimbo unatembea. Mara sikio likikamata jambo hilo, ile kelele inafunguka, na chini yake unakuta kitu cha huzuni nyingi, karibu na wimbo wa kubembelezea mtoto. Mimi ilinichukua kama wiki mbili. Ilitokea usiku, umeme umekatika, nasikiliza kwenye simu kwa spika za masikioni, na ghafla nikajikuta naimba kimoyomoyo wimbo wa kwanza, ule uliobeba jina la albamu, kama naujua tangu utotoni.

Ngoma nayo karibu haibadiliki. Mdundo mmoja, wimbo hadi wimbo. Mdogo wangu anatengeneza midundo ya singeli kwenye kompyuta, kwa hiyo kasi haimtishi hata chembe, anaishi humo. Nilimwekea nyimbo nne mfululizo. Alichokisema ni kwamba singeli inakimbia ili kiuno kifanye kazi, na kila baada ya sekunde chache prodyuza lazima aingize kitu, king'ora, sauti ya mtu, mkato, la sivyo watu wataondoka uwanjani. "Huyu hakuiti," akaniambia. "Anapiga kama hujafika." Nimelifikiria sana neno hilo. Ni kweli albamu hii haimwiti mtu. Haina pale pa kupanda wala pale pa kushangilia. Ukitaka kuingia unaingia mwenyewe, na ukishaingia inakuacha ukae na mawazo yako. Kwangu huo ndio uzuri wake mkubwa. Muziki mwingi ninaousikia kila siku, kwenye daladala, dukani, kwenye simu za watu, unanivuta shati. Huu unaniacha.

Ushauri kwa anayetaka kuijaribu: usiiweke kwenye sabufa ya sebuleni. Sabufa zetu zimetengenezwa kupandisha besi, na humu besi karibu haipo. Matokeo yake ngoma inanguruma, gitaa linamezwa, na unabaki na tope. Kama huna kifaa kingine, shusha besi mpaka chini kabisa. Spika ya simu pia haifai, inaacha mchakacho mtupu. Nilipoisikia vizuri kabisa ni kwenye redio-kaseti ya zamani na kwenye spika za masikioni za kawaida, sauti ya wastani. Usiipandishe sana. Inasikika vizuri zaidi ikiwa kama inatoka chumba cha pili.

Sauti ya Nocturno Culto ni kavu na iko mbele kuliko vyote. Anaimba kwa Kinorwei sehemu kubwa, majina ya nyimbo sita kati ya nane ni ya Kinorwei, na hata Mnorwei atahitaji karatasi ya maneno. Mimi nina maneno mawili matatu tu ya lugha hiyo, na nimeyapata mahali ambapo msomaji hatarajii.

Nimezaliwa Haydom, mkoani Manyara. Hospitali yetu ya Kilutheri ilifunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, na mama alifanya kazi hapo, idara ya kufulia, miaka mingi. Kwa hiyo mimi Norwei niliijua kabla ya kuijua Nairobi. Ilikuwa nchi ya madaktari warefu wanaosema Kiswahili chenye lafudhi, nchi ya "takk", yaani asante, nchi ya picha ya kanisa la mbao kwenye kalenda ukutani. Na baridi ya Haydom mwezi wa Juni, upepo unapopita tambarare usiku na mbwa wote wamenyamaza, ndiyo baridi ninayoisikia kwenye wimbo wa nne, "Slottet i det fjerne", maana yake kasri lililo mbali. Siwezi kulielezea vizuri zaidi. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nautazama mlima Hanang asubuhi, uko peke yake, hauji karibu hata ukitembea nusu siku. Wimbo huo unakaa hivyo hivyo.

Ndiyo maana niliumia nilipojua yaliyoandikwa nyuma ya jalada.

Toleo la kwanza la 1994 lilikuwa na maneno "Norsk Arisk Black Metal". Yaani blaki metali ya Norwei, ya Kiarya, neno la Wanazi kwa watu weupe waliowaona bora kuliko wengine. Na bendi ilitoa tamko kwamba atakayeikosoa albamu hii atakuwa anafanya mambo ya Kiyahudi. Wasambazaji walikuja juu, Peaceville ikabidi itoe kauli yake, bendi ikaomba radhi. Matoleo ya baadaye yakaondolewa maneno yale, na albamu iliyofuata, ya 1995, iliandikwa wazi kwamba Darkthrone si bendi ya Kinazi wala ya siasa. Fenriz amejitenga na mambo hayo katika miaka iliyofuata. Santuri niliyonunua mimi ni ya toleo jipya. Ilifika pembe moja ya jalada imekunjwa, muuzaji hakuifunga kadibodi, lakini nyuma ni safi, hakuna maneno yale. Kuna Fenriz tu mbele, picha nyeusi na nyeupe, ameshika kinara cha mishumaa.

Ila kutokuyaona hakuyafuti. Mimi ni Mwafrika, nimekaa sakafuni chumbani kwangu Dar es Salaam na kitu hiki mapajani, na najua kwamba mwaka ule waliokitengeneza walikiandikia mtu asiyekuwa mimi. Wasikilizaji wengi hulipita jambo hili kwa kusema walikuwa vijana, au muziki ni muziki. Sikubali. Fenriz alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, anajua neno "Kiarya" lilifanya nini Ulaya, babu zake waliishi chini ya utawala wa Wajerumani wa Hitler. Kuomba radhi kwake nakupokea, na nakupokea kwa dhati. Lakini anayekupendekezea albamu hii bila kukuambia habari hiyo amekuficha kitu ulichostahili kujua kabla ya kutoa pesa yako.

Na kuna la pili. Muziki wote ni wa Fenriz, lakini maneno yamegawanyika katikati: nyimbo nne za kwanza ameandika yeye, nne za mwisho ameandika Varg Vikernes wa Burzum, mradi mwingine wa blaki metali wa Norwei. Albamu ilipotoka, Vikernes alikuwa mahabusu kwa kumuua Euronymous, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem, Agosti 1993. Mei 1994 akahukumiwa miaka 21, kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Hayo yalikuwa makanisa ya Kilutheri, ya dhehebu lile lile lililoijenga hospitali niliyozaliwa. Darkthrone hawakuhusishwa na moto wowote. Lakini jina lile walilikaribisha kwenye kazi yao kwa hiari.

Kwenye santuri mgawanyo huu unaushika kwa mkono, kwa sababu nyimbo nne za kwanza ni upande wa kwanza na nne za mwisho ni upande wa pili. Miezi mitatu sasa upande wa kwanza umezunguka mpaka nimezijua sehemu zenye vumbi. Upande wa pili nimeupiga labda mara tano. Na sitaki kudanganya: kimuziki haupungui. Wimbo wa "I en hall med flesk og mjød" una gitaa ambalo ningependa kulipenda. Maneno yenyewe hayasemi lolote la rangi ya mtu, yanasimulia kumbi na nyama na pombe ya asali. Lakini nikijua mkono ulioyaandika, mkono wangu unakuwa mzito kugeuza sahani. Kila msikilizaji ataamua lake. Mimi sijaweza.

Kwa hiyo kama unauliza kama nakushauri uinunue: ukiwa unatafuta muziki wa kukuchangamsha, acha. Ukiwa hujawahi kusikia blaki metali kabisa, anza na albamu yao ya 1992, ina mabadiliko zaidi na itakuvusha. Lakini ukiwa mtu wa kukaa na sauti moja usiku mpaka ikuonyeshe kilichomo, upande wa kwanza wa santuri hii, kama dakika ishirini tu, ni wa kiwango ambacho sijakikuta kwingine kwenye roki. Naupa nyota tano kamili. Upande wa pili siupi nyota.

Wiki iliyopita nilirudi Manzese kulipa deni la sindano. Mzee akaniuliza kama yule kijana wa mwendo usioyumba ana nyimbo nyingine. Nikamweleza yote, ya jalada, ya Vikernes, ya makanisa. Alisikiliza huku anachomelea waya, hakunikatiza. Halafu akafungua droo, akatoa kaseti tupu ya dakika sitini, akanikabidhi. "Nirekodie ule upande wako."

Nimemrekodia nyimbo nne. Upande wa pili wa kaseti nimeuacha mtupu.