Traka ya mafuta ilinigombanisha na dereva wangu, na bado sijaing'oa

Nilikuja hapa kuwapa hawa wauzaji wa traka, kifaa cha kufuatilia gari na mafuta yake, nyota moja, na ingekuwepo sifuri ningewapa hiyo. Sasa nazungukazunguka kwenye mbili, lakini kila nikiikumbuka sauti ya yule kijana wa simu narudi kwenye moja. Basi someni.

Nina boza moja la maji hapa Malindi, na pikapu. Aliye mwenyeji anajua: Baricho, mitambo inayotuletea maji, ikikohoa, mji mzima unashika mitungi, na sisi wa maboza hatulali. Tunapeleka Casuarina, Mayungu, Watamu, majumba ya Wataliano, mahoteli, siku nyingine mpaka Mambrui ng'ambo ya daraja la Sabaki. Kazi ipo. Inayokula faida ni dizeli. Kila tarehe 14 EPRA, wale wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei ya mafuta mimi huwa kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani, na tangu ule mwisho wa 2023 lita ilipovuka shilingi 200 sijapumua sawasawa, hata iliposhuka. Maji nayo huwezi kuyapandisha bei kila mwezi. Wa mtungi atakutukana, na mwenye hoteli atampigia mwingine.

Akaja kijana na fulana yenye nembo, mdomo mtamu. Fimbo inaingia ndani ya tangi la dizeli, inapima; traka inakuletea kwenye simu gari liko wapi, linakwenda kasi gani, injini imeunguruma muda gani bila kwenda popote. Mtu akinyonya mafuta, ujumbe unaingia papo hapo. "Bosi, mwezi mmoja tu pesa yako imerudi." Kampuni siitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Kufunga kulichukua muda wa kikombe cha chai na mahamri mawili. Nilimwona fundi wao akitoboa tangi karibu na ncha ya mbele, maana katikati pana mkanda wa chuma na hakutaka kuhangaika nao. Akaniuliza linabeba lita ngapi. Nikasema 100. Akabonyeza simu yake, akasema tayari. Nami, mjinga, nikampa soda baridi na asante juu.

Dereva wangu namwita ami. Hatuna damu moja, lakini ndiye aliyeendesha boza la kwanza la marehemu baba, wakati mimi napakiwa kando yake na juzuu yangu nipelekwe chuoni. Usiku boza hulala kwake Muyeye, kwangu hakuna nafasi.

Wiki za mwanzo nilikuwa kama mtu aliyenunua runinga mpya, siondoi macho. Kisha usiku mmoja, nimetoka kuswali Isha, ujumbe: mafuta yamepungua ghafla lita 11, injini imezimwa, mahali Muyeye. Nikasema labda mtandao. Usiku wa pili, lita 11. Wa tatu, 11 tena. Nikapiga hesabu, karibu shilingi elfu mbili kila usiku, na shetani akakaa kitako kando yangu akinisaidia kujumlisha.

Asubuhi nikamkabili mbele ya tanboi na muuza kahawa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, sikumwita pembeni. Nikamwonyesha simu. Akatoa miwani, akasoma polepole, akairudisha. Akamwambia tanboi, "Leta dumu la lita 20 na mpira." Nikauliza la nini. "Nikunyonyee lita 11 hapa hapa uzione, mwanangu. Uone mtu mzima anavyozibeba usiku uchochoroni bila mbwa kubweka." Sikucheka. Nikamwambia mashine haina sababu ya kumsingizia. Akasema, "Babako hakuwa na mashine," akaondoka zake kwa miguu. Hata bodaboda hakuita.

Nikachukua kijana mwingine. Siku ya tano akalikwaruza boza kwenye nguzo ya lango la villa moja Casuarina, na gharama ya lile lango ingeninunulia dizeli ya siku nyingi. Tuache hayo.

Siku moja yule kijana hakuja, nikaendesha mwenyewe mpaka hoteli moja Watamu. Sehemu yao ya kushushia maji ina mwinuko, kwa hiyo gari linasimama kichwa juu. Nikazima injini, nimo ndani ya kabini nakula mhogo wa kuchoma, nangoja mtu wa pampu. Simu ikalia. Mafuta yamepungua ghafla, lita 11, injini imezimwa, mahali Watamu.

Naibiwa na nani? Nimekaa juu ya tangi lenyewe! Nikashuka, nikatazama chini, pakavu kabisa. Nikaliondoa boza pale, nikalisimamisha barabarani pa tambarare. Baada ya dakika chache: mafuta yameongezwa lita 11. Nikalirudisha mwinukoni, zikapotea. Nikarudi tambarare, zikarejea. Askari wa getini akaniuliza kama gari lina hitilafu. Nikamwambia hitilafu ni mimi.

Ami hulipandisha boza magurudumu ya mbele juu ya kifusi pale kwake kila usiku, ili maji yanayobaki yatelemke mpaka bomba la nyuma na tangi la maji lisishike kutu. Gari likiinua pua, dizeli nayo inakimbilia nyuma ya tangi lake, na fimbo yao iliyochomekwa kule mbele inaona pamepungua.

Nikafungua ripoti za nyuma. Kila alfajiri, ami akiliwasha na kulishusha kwenye kifusi, palikuwa na mstari: mafuta yameongezwa lita 11. Kila alfajiri! Nilisoma mstari wa wizi peke yake. Sikujiuliza huyo mwizi mwenye kuninunulia dizeli saa kumi na moja asubuhi ni wa kabila gani.

Nikapiga simu kwao nikitetemeka. Nikaeleza yote, mwinuko, tambarare, alfajiri. Kijana ananisikiliza huku anatafuna kitu. Akasema, "Mzee, mtambo haudanganyi. Sisi tunauza kifaa, hatuuzi madereva waaminifu." Kwanza, nina miaka 38, mzee ni babake. Pili, maneno hayo nilikuwa nimeshamwambia ami, karibu neno kwa neno, na kuyasikia yakinirudia kwa mdomo wa mtu anayetafuna ndiko kulikonitia kichaa. Nilimtukana. Sijuti sana.

Fundi mmoja wa malori ya masafa, yuko Miritini kule Mombasa, ndiye aliyenifahamisha kazi inavyotakiwa. Fimbo inakaa katikati ya tangi, maana hapo gari likiinama mbele au nyuma kimo cha mafuta hakibadiliki sana. Tangi linamwagwa mpaka likauke, kisha linajazwa kidogokidogo, lita kumi kumi, na kila mara kipimo kinaandikwa, kwa sababu matangi hayafanani na lita kumi za chini si sawa na lita kumi za juu. Tena tahadhari isilie kwa kipimo kimoja, ingoje vipimo kadhaa vikubaliane, ama kila shimo la barabara litakuwa mwizi. Ni kazi ya nusu siku, na wao walinifanyia ya mahamri mawili.

Baada ya mimi kutishia kuling'oa dude lao na kulitupa baharini, wakaleta fundi mwingine, mtu mzima, mpole. Akamwaga, akapima, akahamisha fimbo, lile tundu la kwanza akaliziba vizuri. Tangu hapo hakuna usiku simu iliyolia.

Sasa ndipo ninapokwama na nyota zangu, maana kifaa kilipokaa sawa kilinionyesha mambo. Kilionyesha tulikuwa tunarudi tupu kutoka Watamu mara tatu kwa siku, kwa kuwa napokea oda kama zinavyoingia badala ya kuzikusanya za upande mmoja. Kilionyesha ulaji ukipanda hata siku za safari fupi. Fundi wa gereji akatia kiganja kwenye ringi la nyuma kushoto na kukitoa kama aliyegusa jiko. Breki zilikuwa zinashika, tunakokota gari letu wenyewe. Nilikuwa najaza tangi mara tano kwa wiki, siku hizi ni nne. Hiyo ni pesa, siwezi kusema si pesa.

Ila hata hapo wana upungufu. Pampu ya boza inaendeshwa na injini, kwa hiyo kila nikipandisha maji kwenye matangi ya juu ya hoteli ripoti inasema injini inaunguruma bure. Nimewaambia mara mbili. Hawajarekebisha.

Ami nilimwendea na mjomba wangu na kilo ya haluwa. Haluwa ilipokewa na mkewe. Yeye alisikiliza, akanyamaza, mwisho akasema atarudi kwa sharti moja, ile programu iwekwe na kwenye simu yake pia, aone ninachokiona. Nikaweka.

Ada ya mwezi huu nimelipa, nimenuna lakini nimelipa. Nyota mbili. Tatu ni za yule fundi mpole, sijui kama mnaruhusu kumpa peke yake.

Na kila usiku, akishalipandisha boza juu ya kifusi, ami hunipigia. "Mwanangu, hebu tazama simu yako. Leo nimeiba ngapi?" Namwambia hakuna, ami. "Tazama vizuri." Natazama tena, na yeye anangoja.