Miwani ya VR: nunua kwa kipimo cha jicho, si kwa maneno ya kwenye boksi

Kabla hujalipia miwani ya uhalisia pepe, uliza swali moja: inatoa pikseli ngapi, yaani vitone vya picha, kwa kila nyuzi ya upeo wa macho? Jicho zima, lile linalosoma 6/6 kwenye chati ya daktari, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Kwa hiyo ni kwenye pikseli 60 ndipo vitone vya skrini vinapopotea. Miwani ya nyumbani haijafika huko. Hiyo "4K" wanayoinadi mara nyingi ni hesabu ya macho mawili kwa pamoja, tena imetandazwa kwenye upana wa nyuzi 100 hivi.

Namba moja kwangu ni Meta Quest 3. Inatoa 25, yaani ukiivaa unakuwa mtu wa 6/14: wenzako wanasoma wakiwa mita 14, wewe mpaka usogee hadi mita 6. (Kwa vipimo vya WHO, ukipita 6/12 tayari una uoni hafifu!) Nilifungua jedwali la hesabu ndani yake, kwenye herufi ndogo 3, 6 na 8 zilikuwa mapacha, nikajikuta natoa shingo kama kobe. Kwa michezo na filamu, hata hukumbuki, na lenzi zake zinaonyesha vizuri hadi pembeni.

Ya pili ni Quest 3S. Chipu ni ileile, ila picha ni ya 20 na lenzi ni za Fresnel, zile zenye miduara, kwa hiyo pembeni kuna ukungu. Pia umbali kati ya mboni za macho mawili una nafasi tatu tu za kurekebisha: milimita 58, 63 na 68. Jipime kwa rula mbele ya kioo kwanza.

PlayStation VR2 ni ya mwenye PS5, mashine ya michezo ya Sony, tayari. Ujanja wake naupenda: jicho huona kwa ukali katikati tu, eneo la ukucha wa gumba mkono ukiwa umenyooshwa, nayo hufuatilia unapotazama ili mchezo uchore kwa ukali hapo na kulegeza kwingine.

Apple Vision Pro, yenye 34 hivi, ndiyo bora kwa kusoma. Bei yake, na gramu zaidi ya 600 usoni, ndivyo vilivyoishusha hadi hapa. Varjo XR-4 inagusa 51, ila hiyo ni ya kufunzia marubani, iache.

Kuna jambo ambalo pikseli hazilitibu. Lenzi za zote hizi zimefungwa kwenye umbali mmoja, mita moja na kitu. Ukileta kitu pepe karibu na pua, macho yanageukia ndani huku yakilazimika kulenga mbali, na kichwa kinaanza kugonga. Kwa hiyo dukani usiishie kutazama mandhari ya milima wanayokuwekea. Shika kitu humo ndani, kilete karibu na uso, ukae nacho dakika kumi.