FishBase: kanzidata ya samaki kwa anayefanya kazi katika bahari za tropiki

Mtu anayeshughulika na samaki wa bahari za tropiki hukutana na wingi wa aina usiopatikana katika bahari za baridi. Wavu mmoja uliotegwa kando ya mwamba wa matumbawe huweza kupandisha tasi, changu, pono, mkundaji, puju na chewa kwa pamoja, na kila mmoja ana kasi yake ya kukua, ukubwa wake wa kupevuka na chakula chake. Kumfanyia kila mmoja utafiti wa peke yake ni kazi inayozishinda idara nyingi za uvuvi, sembuse vikundi vya wavuvi vinavyosimamia maeneo yao wenyewe. FishBase ilibuniwa ili kuziba pengo hilo. Naiona kuwa chombo bora kuliko vingine ninavyovijua kwa kazi hii, lakini ubora wake humfikia tu yule anayejali kila tarakimu ilikotoka.

Asili yake inaeleza mengi kuhusu umbo lake. Wazo lilianzia Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kituo cha utafiti cha ICLARM ambacho leo huitwa WorldFish, kwa juhudi za wanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly na Rainer Froese. Pauly alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1980 ulinganisho wa makundi 175 ya samaki, akaonyesha kwamba kiwango cha vifo vya asili kinaweza kukadiriwa kutokana na ukubwa wa samaki, kasi ya kukua kwake na joto la maji anamoishi. Katika tropiki njia ya namna hiyo ilihitajika sana, kwa kuwa misimu hapo haipishani kwa ukali, na pete za umri katika vijiwe vya sikio la samaki mara nyingi huwa ngumu kuzisoma. Aliyekosa umri alihitaji kufanya hesabu kwa urefu, na aliyekosa vipimo vyake mwenyewe alihitaji mahali pa kuvipata vya wengine. Kanzidata ilitolewa kwanza kwa diski mwaka 1995, ikaingia kwenye intaneti mwaka 1996, na sasa ina zaidi ya spishi 35,000 na zaidi ya majina ya kawaida 300,000. Huduma ni ya bure, wala hakuna kujisajili.

Kila spishi ina ukurasa wake wa muhtasari. Hapo msomaji hupata jina la kisayansi pamoja na majina ya zamani yaliyoachwa, familia, kina cha maji anachoishi samaki huyo, eneo la dunia anakopatikana, urefu mkubwa uliowahi kuandikwa, chakula, hali ya uhifadhi, na kama anaweza kumdhuru binadamu. Chini ya muhtasari kuna viungo vya majedwali: ukuaji, uzazi, uhusiano wa urefu na uzito, ngazi katika mnyororo wa chakula. Wengi huishia kwenye muhtasari, ilhali mali yenyewe imo katika majedwali hayo, kwa sababu kila mstari wake hutaja utafiti ulikotoka, mahali samaki walipopimwa, na mara nyingi idadi yao na aina ya kipimo kilichotumika.

Jambo hilo la aina ya kipimo linastahili uangalifu wa pekee. Samaki hupimwa kwa namna tatu: urefu wa jumla, kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, urefu hadi kwenye panda ya mkia, na urefu unaoishia pale mkia unapoanza. FishBase huonyesha ni upi uliotumika, kwa herufi chache kando ya tarakimu, nazo ni rahisi kupitwa na jicho. Uzito hukadiriwa kwa kuupandisha urefu kwa kipeo kilicho karibu na 3, kisha kuzidisha kwa kigezo cha umbo la samaki. Tuchukue kigezo cha 0.02 na kipeo cha 3 kamili: samaki wa sentimita 30 atakadiriwa kuwa na gramu 540, ilhali wa sentimita 27 atakuwa na gramu 394 hivi. Tofauti ya sentimita tatu, ambayo yaweza kutokea kwa samaki yuleyule akipimwa hadi kwenye panda badala ya ncha ya mkia, inapunguza zaidi ya robo ya uzito. Anayekadiria mavuno ya msimu mzima kwa kunakili vigezo bila kutazama herufi hizo ataubeba upungufu huo hadi mwisho wa ripoti yake. Ningependa herufi hizo ziandikwe kwa ukubwa zaidi, maana hazina uzito mdogo kuliko tarakimu zenyewe.

Katika kutambua samaki, huduma inasaidia sana lakini haimalizi kazi. Rangi hufifia baada ya samaki kufa, kwa hiyo picha za samaki hai baharini haziwezi kutegemewa peke yake mbele ya ndoo ya samaki waliokwisha kupoa. Hapo ndipo hesabu ya miiba na vijiti laini vya mapezi inapoingia, nayo imo katika maelezo ya kila spishi. Hesabu hiyo ina mipaka yake. Tasi wote wa jenasi Siganus wana miiba 13 katika pezi la mgongo na 7 katika pezi la chini nyuma ya tumbo, tena kila pezi la tumbo lina miiba miwili, mmoja kila upande, jambo lisiloonekana katika familia nyingine ya samaki. Kwa hiyo miiba itamhakikishia mtu kwamba ameshika tasi, lakini ili kujua ni tasi yupi atarudi kwenye madoa, umbo la mkia na eneo alikovuliwa. (Miiba hiyo ina sumu, na maelezo ya kanzidata yanatahadharisha kuihusu.) Kwa changu wa jenasi Lethrinus kipo kidokezo chepesi: shavu lao halina magamba, ilhali jamaa zao wa jenasi Lutjanus wana magamba shavuni.

Pono wanaonyesha vizuri kwa nini orodha ya majina yaliyoachwa ina thamani. Wengi wao huanza maisha wakiwa majike kisha hugeuka kuwa madume, na mgeuko huo huambatana na mabadiliko makubwa ya rangi, kiasi kwamba wataalamu wa zamani walitoa majina mawili kwa spishi moja. Anayesoma ripoti ya miongo mingi iliyopita huweza kuandika jina lililomo humo na kuletewa jina linalotumika leo. Bila msaada huo, takwimu za zamani na za sasa haziwezi kulinganishwa.

Mgeuko wa jinsia una maana kubwa zaidi kwa usimamizi, na hapa jedwali la uzazi huwa la lazima. Chewa wengi nao huanza kama majike. Uvuvi unaowalenga wakubwa peke yao huondoa madume, na uvuvi unaowakusanya wadogo huondoa majike kabla hawajataga hata mara moja. Kanuni moja ya ukubwa wa chini haitoshi kwa samaki wa aina hii, hasa wale wanaokusanyika mahali pamoja wakati wa kutaga, ambako wavuvi huweza kuwamaliza kwa muda mfupi. Froese alipendekeza mwaka 2004 vigezo vitatu vyepesi vya kutazama katika mavuno: sehemu ya samaki waliopevuka, sehemu ya walio karibu na urefu unaotoa mavuno bora, na sehemu ya wale wakubwa wenye mayai mengi. Urefu wa kupevuka na urefu wa juu kabisa, vyote viwili vinavyohitajika katika hesabu hiyo, huweza kutafutwa FishBase. Kinachobaki ni ubao wa kupimia na subira ya kupima samaki wengi. Sijaona njia nyingine inayokiwezesha kikundi cha wavuvi kujadili ukubwa wa macho ya nyavu zao kwa ushahidi walioukusanya wenyewe.

Ramani za AquaMaps zilizounganishwa na kurasa hukadiria uwezekano wa samaki kupatikana mahali fulani kwa kutazama kina, joto, chumvi na uzalishaji wa maji. Zisomwe kama makadirio, zisitumiwe kuthibitisha kwamba samaki yupo.

Mpangilio wa tovuti ni wa kizamani na maandishi yamebanana, kwa hiyo mgeni atahitaji muda kuuzoea. Anayejua lugha ya programu ya R ana njia ya mkato, kifurushi cha rfishbase, kinachovuta majedwali ya spishi nyingi kwa mara moja.

Asichopaswa msomaji kukitarajia ni tathmini ya wingi wa samaki. FishBase haisemi ni tasi wangapi waliobaki katika ghuba fulani, na vipimo vya ukuaji vilivyotoka upande mmoja wa bahari huweza kutofautiana na vya upande mwingine, kwa kuwa joto, chakula na shinikizo la uvuvi havilingani. Penye tafiti kadhaa, heri kuchukua zile zilizofanyika katika maji yanayofanana na yako na kuandika masafa kati ya kipimo cha chini na cha juu, badala ya kuchagua kimoja kwa kuwa ndicho kilichotangulia kwenye orodha. Penye utafiti mmoja tu, utajwe hivyo waziwazi.

Kwa pweza, kamba na majongoo bahari, ambao katika pwani nyingi huchangia sehemu kubwa ya kipato, kuna SeaLifeBase, iliyojengwa kwa muundo uleule.