Ise, Koya na Horyu-ji: Tathmini ya Safari ya Japani Niliyolipia Nairobi

Mwezi Novemba mwaka jana, mimi na shangazi yangu tulijiunga na wasafiri wengine 12 katika ziara ya siku 11 ya maeneo ya kale na matakatifu ya Japani, iliyoandaliwa na wakala wa usafiri mwenye ofisi katikati ya jiji la Nairobi. Kila mmoja wetu alilipa shilingi 485,000, fedha ambazo kwa mwalimu wa historia wa shule ya upili ni akiba ya miaka, na kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza wanaofikiria safari kama hii kile walichopewa wenzao. Hukumu yangu naitoa mapema: huduma hii inafaa kununuliwa, lakini msafiri adai kwa maandishi idadi ya saa atakazokaa katika kila mahali, kwa kuwa ratiba tuliyopewa ilihesabu majina ya maeneo bila kuhesabu muda wa kuyaona.

Sehemu bora ya huduma yote ilifanyika kabla hatujapanda ndege. Wiki mbili kabla ya safari, wakala alitukusanya Jumamosi asubuhi katika ukumbi mdogo, akamleta Mkenya aliyewahi kusoma Japani, naye kwa muda wa saa tatu akatufundisha adabu za kuingia mahali pa ibada pa watu wengine. Alianza kwa kututenganishia nyumba mbili ambazo mgeni huzichanganya kwa urahisi, yaani maabadi ya Kishinto, ambayo hutambulikana kwa lango la torii, na hekalu la Kibudha. Mbele ya torii mtu huinamisha kichwa, kisha hupita kando ya njia, kwa sababu katikati ni njia ya miungu. Penye birika la maji huchota kwa kata, huosha mkono wa kushoto, halafu wa kulia, husukutua kinywa kwa maji aliyoyakinga kwa kiganja cha kushoto, na mwishowe huisimamisha kata ili maji yaliyobaki yateremke na kuusafisha mpini. Mbele ya maabadi huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, kisha huinama tena mara moja. Hekaluni hapigi makofi kabisa, bali huunganisha viganja na kunyamaza. Kundi letu lilikuwa la Wakristo na Waislamu, na swali la kwanza kuulizwa lilikuwa kama mtu analazimika kuinama. Mwalimu wetu alijibu kwa upole kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba mtu akisimama kimya na kuvua kofia amekwisha kuwaheshimu wenyeji wake.

Shangazi, ambaye alikulia Rabai, kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, na sasa ana umri wa miaka 71, alisikiliza yote hayo bila mshangao wowote. Misitu mitakatifu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, nayo ina masharti yake. Katika Kaya Kinondo, kwa mfano, mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia, wala haruhusiwi kuchukua chochote kutoka msituni.

Kuhusu viza na ndege sina malalamiko. Mkenya huhitaji viza ya kuingia Japani, na wakala alitupangia nyaraka zetu vizuri kabla ya kuziwasilisha ubalozini, Upper Hill. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, kwa hiyo tulibadilisha Dubai na kutua Osaka tukiwa tumechoka, huku saa za huko zikiwa mbele ya zetu kwa saa 6.

Mapungufu yalianzia Kyoto. Kwa siku moja tulipelekwa Kinkaku-ji, hekalu lenye jumba lililofunikwa kwa dhahabu, ambalo liliteketezwa mwaka 1950 na kujengwa upya mwaka 1955; tukapelekwa Kiyomizu-dera, ambako roshani ya mbao iliyojengwa mwaka 1633 imesimama juu ya nguzo zenye urefu wa takriban mita 13; na jua lilipokuwa likishuka tukashushwa kwenye maabadi ya Kishinto ya Fushimi Inari, tukapewa dakika 40. Fushimi Inari, iliyoanzishwa mwaka 711, ni mlima mzima uliotandazwa malango mekundu kwa maelfu, na kuupanda na kushuka humchukua mtu saa mbili au tatu. Dakika 40 zilitutosha kufika pale chini tu, penye msongamano mkubwa wa watu, na kusoma nyuma ya malango majina ya watu na biashara zilizoyatoa. Mahali hapo hapafungwi usiku wala mchana na hapatozwi kiingilio, kwa hiyo ushauri wangu kwa msafiri ni kwamba aamke alfajiri aende mwenyewe, kabla basi la kundi halijawasha injini.

Nara ilipewa muda unaostahili, angalau kwa nusu siku. Katika hekalu la Todai-ji tuliiona sanamu ya shaba ya Buddha yenye urefu wa takriban mita 15, iliyozinduliwa kwa ibada mwaka 752, ndani ya ukumbi ambao ulijengwa upya mwaka 1709 ukiwa mwembamba kuliko ule wa awali, na bado ukaweza kutunyamazisha sote 14. Kwa mujibu wa ratiba tuliyotia sahihi, mchana wa siku hiyo ulikuwa wa Horyu-ji, hekalu la kale la mbao. Badala yake basi liligeuka kuelekea Osaka, likatufikisha kwenye jengo la maduka, na kiongozi wa ziara akaeleza kwamba makundi yaliyotangulia yalikuwa yameomba muda zaidi wa kununua zawadi. Sisi hatukuwa tumeulizwa. Uamuzi huo uliniudhi, nao unarudi katika tathmini hii hapa chini, kwa sababu bila Horyu-ji mtu huielewa nusu tu ya Ise.

Ise ndipo penye maabadi makuu ya Ushinto. Desturi ni kuanza na maabadi ya nje, Geku, na kumalizia na ya ndani, Naiku, ambayo ni ya Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Sisi tulichelewa kufika, Geku ikafutwa, na Naiku tukapewa saa moja. Ukivuka daraja la Uji unaingia msituni, njia ni ya changarawe, miti ni mikubwa kiasi kwamba watu wawili hawaikumbatii wakafikiana, na mtu hujikuta akipunguza sauti bila kuambiwa. Maabadi yenyewe yamezungushiwa nyua nne za mbao. Mgeni huona paa la nyasi na ncha za magogo tu, na akifika kwenye ngazi za mwisho hakuna kupiga picha. Baadhi ya wenzetu walihisi wamenyimwa kitu walichokilipia. Mimi niliona kwamba ule ua ndio ulionifundisha nilipokuwa.

Kando ya maabadi hayo kuna kiwanja kitupu chenye ukubwa uleule, kimetandazwa mawe, na katikati yake kuna kibanda kidogo cha mbao. Hapo ndipo maabadi mapya yatakapojengwa. Tangu mwaka 690, majengo ya Ise hubomolewa na kujengwa upya kwa zamu katika viwanja hivyo viwili, na ukiacha miaka zaidi ya 100 ya vita ambapo kazi ilikatika, desturi imeendelea hadi leo kila baada ya miaka 20. Ujenzi wa mwisho, wa 62, ulikamilika mwaka 2013, na unaofuata ni wa mwaka 2033. Mbao ni za mti wa hinoki, jamii ya saiprasi tunayoinunua Gikomba, na zile za zamani hazitupwi: nguzo kuu za maabadi huchongwa upya zikawa malango ya torii kwenye daraja la Uji, na baada ya miaka mingine 20 hupelekwa kusimamishwa kwingine. Nilimkumbuka Profesa Wangari Maathai, ambaye alipozuru Japani mwaka 2005 alilipenda neno lao mottainai, linalobeba majuto ya kupoteza kitu ambacho bado kina thamani, akalieneza duniani.

Shangazi alikitazama kile kiwanja kitupu kwa muda, kisha akamuuliza kiongozi wetu, “Mwanangu, na hawa mafundi, nani anawafundisha?” Kiongozi alitazama saa yake na kutuomba turudi kwenye basi. Lile lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika safari hiyo, na jibu lake ndilo siri ya ile miaka 20: fundi huingia kazini akiwa kijana wa kubeba na kuchonga, hurudi mara ya pili akiwa fundi kamili, na mara ya tatu akiwa mzee wa kusimamia vijana. Kampuni inayouza ziara ya maeneo matakatifu haina budi kuajiri kiongozi anayelijua jibu hilo.

Usiku mmoja juu ya mlima Koya ulinirudishia moyo. Mtawa Kukai alipata kibali cha kuanzisha makao ya Kibudha huko mwaka 816, na mahekalu kadhaa bado hulaza wageni. Tulilala kwenye mikeka ya tatami, tukala chakula cha watawa kisicho na nyama wala samaki, na hapa namsifu wakala kwa dhati, kwani alikuwa amewaandikia watawa mapema kuhusu masharti ya chakula ya wenzetu Waislamu na kuhusu magoti ya shangazi, tukamkuta amewekewa kiti. Wanaokwenda Novemba wachukue nguo nzito. Baridi ya huko inaishinda ya Limuru mwezi Julai. Saa 12 asubuhi tulihudhuria ibada, kisha tukatembea Okunoin, njia ya takriban kilomita 2 kati ya mierezi mirefu na makaburi zaidi ya 200,000, hadi kwenye kaburi la Kukai, ambaye wafuasi wake wanaamini kwamba hakufa bali yumo katika tafakuri, na ambaye hadi leo watawa humpelekea chakula mara mbili kwa siku. Ukivuka daraja la mwisho hupigi picha na huvai kofia. Jambo hilo hatukuwa tumefundishwa Nairobi, na mwenzetu mmoja aliinua simu mpaka mzee mmoja wa Kijapani akamwashiria taratibu kwa mkono. Njiani kurudi tulipita kwenye jumba dogo la ibada lililojengwa kwa ajili ya wanawake, waliokuwa hawaruhusiwi kuingia katika mji huo mtakatifu. Serikali iliamuru marufuku hiyo iondolewe mwaka 1872.

Kisiwa cha Miyajima, penye torii maarufu lililosimama baharini tangu mwaka 1875, tulipaona maji yakiwa yamekupwa, na hilo si kosa la mtu, ingawa wakala angeweza kuangalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Hiroshima tulikaa saa tatu, na hapo hata wale waliozoea kuharakishwa hawakutaka kuondoka.

Siku ya mwisho iliachwa huru kwa ununuzi. Mimi na shangazi tulipanda treni ya kampuni ya reli ya JR kutoka kituo cha Tennoji mjini Osaka, tukashuka Horyuji bila kubadilisha, tukatembea polepole kwa nusu saa. Hapo yamo majengo ya mbao yaliyo miongoni mwa makongwe kuliko yote yaliyosalia duniani, na uchunguzi wa pete za mti umeonyesha kwamba nguzo ya katikati ya mnara wake wa ghorofa tano ilitokana na mti uliokatwa mwaka 594. Mwaka 1949 moto uliharibu michoro ya kale ya ukumbi wake mkuu, na msiba huo ndio uliosukuma kutungwa kwa sheria ya kulinda mali za utamaduni mwaka 1950. Tulikaa saa nne. Huku mbao zilezile zimetunzwa kwa zaidi ya miaka 1,300, kule Ise mbao hubadilishwa na ujuzi ndio unaotunzwa, na ni kwa kuviona vyote viwili ndipo nilipopata la kuwapelekea wanafunzi wangu.

Niliporudi nilimwandikia wakala haya yote. Alinijibu baada ya siku tano, akaomba radhi kuhusu Horyu-ji na kunirudishia shilingi 9,000, pamoja na ahadi kwamba safari ijayo itakuwa na usiku mzima Ise na itaanzia Geku. Nimemwomba pia afikirie ziara ya mwaka 2033, majengo mapya yatakapokuwa bado na harufu ya mbao mbichi, na shangazi, ambaye wakati huo atakuwa anakaribia miaka 80, amekwisha kuniambia nimwandikishe wa kwanza.