Tafakari ya Injili Kila Alfajiri: Huduma ya Sauti ya Kipindi cha Pasaka Kutoka Parokia Moja ya Kisumu

Kwaresima katika parokia zetu za Kisumu haikosi msaada. Kuna Njia ya Msalaba kila Ijumaa, kuna kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Haki na Amani ya Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya, na jumuiya ndogo ndogo hukutana juma kwa juma kukijadili. Pasaka ikishafika, vitabu hufungwa na mikutano hupungua, ilhali kipindi cha Pasaka ni kirefu kuliko Kwaresima, siku 50 tangu Dominika ya Ufufuko hadi Pentekoste, na ndicho ambacho Kanisa la kale lilikitumia kuwafafanulia wabatizwa wapya mafumbo waliyoyapokea usiku wa mkesha. Pengo hilo ndilo ambalo huduma ninayoichambua hapa imekusudia kuliziba, na kwa sehemu kubwa imeliziba vizuri.

Huduma yenyewe ni rekodi ya sauti ya dakika sita au saba inayotumwa kwa WhatsApp kila siku kabla ya saa 12 asubuhi. Wazungumzaji ni mapadri wa parokia, mtawa mmoja na makatekista wawili, wanaopokezana. Injili ya siku husomwa kwanza yote bila kufupishwa, hufuata kimya kifupi, kisha tafakari, na mwisho husaliwa Malkia wa Mbingu, sala ambayo katika kipindi hiki huchukua nafasi ya Malaika wa Bwana. Hakuna malipo, msikilizaji hugharamia bando lake tu, na rekodi ni nyepesi kiasi kwamba hata simu ya kawaida huipokea haraka. Nimeona jinsi inavyowafaa wazee ambao maandishi madogo ya Misale, kitabu cha sala na masomo ya Misa, yamewashinda, na vilevile vijana wanaoondoka mitaa ya Nyalenda au Manyatta kabla ya mapambazuko kuwahi kazi mjini.

Ubora wake mkubwa umo katika juma la kwanza, yaani Oktava ya Pasaka, ambapo kila siku Injili husimulia namna Mfufuka alivyowatokea watu wake: wanawake wakitoka kaburini, Maria Magdalena akilia bustanini, wale wanafunzi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau, Mitume chumbani, wavuvi ziwani. Ni rahisi mno kwa mhubiri kuyageuza masimulizi haya kuwa tangazo moja la furaha linalorudiwa siku baada ya siku, hadi msikilizaji asijue Jumanne ilitofautiana vipi na Alhamisi. Wazungumzaji hawa hawakufanya hivyo. Siku ya Emau, kwa mfano, tafakari ilikaa karibu muda wote katika maneno ya wanafunzi wale kwamba walikuwa wametumaini, ikatuonyesha kuwa Yesu aliyasikiliza malalamiko yao mpaka mwisho kabla ya kuwafafanulia Maandiko, ingawa habari waliyomsimulia aliijua kuliko wao.

Tafakari iliyonigusa zaidi ya zote ni ile ya Ijumaa ya Oktava, juu ya sura ya 21 ya Yohane, ambapo wanafunzi saba wanavua usiku kucha katika ziwa la Tiberia na hawapati kitu. Aliyezungumza ni katekista anayewafahamu wavuvi wa Dunga, ufuo wa Ziwa Viktoria hapa Kisumu, na hilo lilisikika katika kila sentensi. Alieleza kwamba omena, yaani dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki kwenye taa, hivyo mitumbwi mingi hubaki ufuoni. Mvuvi anayerudi mtupu amepoteza usingizi na gharama za taa, tena anarudi kulipokucha, mbele ya kina mama wachuuzi waliomngojea na mabeseni yao. Kwa hiyo mtu asiyejulikana aliposimama ufuoni na kuwauliza kama wana kitoweo, swali hilo liligusa aibu yao, na jibu lao lilikuwa fupi kama majibu ya watu waliochoka. Katekista hakuharakisha kufika kwenye wale samaki 153. Alitaka kwanza tuisikie ile hapana yao, na baadaye akatuonyesha moto wa makaa ambao Bwana alikuwa ameuwasha, samaki na mkate vikiwa tayari, kabla nyavu hazijafikishwa nchi kavu.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba Kanisa huikata sura hiyo vipande. Chakula cha asubuhi kando ya ziwa husomwa Ijumaa ya Oktava, lakini mazungumzo yanayofuata, Yesu akimwuliza Petro mara tatu kama anampenda, hayasomwi mpaka Ijumaa ya juma la saba, siku mbili tu kabla ya Pentekoste. Katekista yuleyule alitutahadharisha mapema kwamba Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa katika ua wa Kuhani Mkuu, akatuomba tuukumbuke moto huo hadi siku swali litakapoulizwa. Ijumaa ya juma la saba ilipofika, alirudi yeye mwenyewe na kuanzia pale alipokuwa ameachia. Huu ndio mtindo ninaoutarajia katika tafakari ya kila siku. Masomo ya Pasaka yamepangwa yafuatane, na anayeyafafanua hana budi kuyafuatanisha pia.

Ustadi huohuo ulionekana katika sura ya sita ya Yohane, ambayo siku za juma huisoma kuanzia Ijumaa ya juma la pili hadi Jumamosi ya juma la tatu. Mtawa aliyebeba sehemu kubwa ya siku hizo alituwekea wazi safari ya umati ule: Ijumaa wanashiba mikate ya shayiri na kutaka kumfanya Yesu mfalme, na kufikia Jumamosi ya juma linalofuata wengi wa wafuasi wake wameona maneno yake ni magumu, wakarudi nyuma. Zipo siku ambazo sikukuu, kama ile ya Mtakatifu Marko tarehe 25 Aprili, huukatiza mfululizo huu, naye alichukua dakika moja kusimulia kipande kilichorukwa ili asiwepo msikilizaji anayeachwa njiani.

Sasa yaje mapungufu, nami nayasema kwa sababu huduma hii naipenda na ningetaka idumu. Dominika ya pili, inayoitwa Dominika ya Huruma ya Mungu tangu Papa Yohane Paulo wa Pili alipoitangaza mwaka 2000, siku alipomtangaza Faustina Kowalska kuwa mtakatifu, tafakari ilitumia karibu muda wote kueleza namna ya kusali Rozari ya Huruma. Ibada hiyo ni njema, lakini Injili ya siku hiyo, ya Mtume Tomaso aliyekataa kuamini mpaka ayaone madonda ya Yesu, haikuguswa kabisa, na hapo ndipo huruma yenyewe ilipokuwa imefunuliwa.

Majuma ya tano na ya sita ndiyo dhaifu zaidi. Injili za siku hizo hutoka katika hotuba ya kuaga ya Yesu, sura ya 14 hadi ya 16 ya Yohane, maneno yaliyosemwa kwenye karamu ya mwisho, usiku wa kuamkia mateso. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliuliza kwa haki kabisa kwa nini tunarudishwa Alhamisi Kuu wakati Bwana amekwisha kufufuka. Swali hilo halikujibiwa na rekodi hata moja. Ilitosha kusema kwamba Kanisa linayasikia maneno hayo upya kwa sababu sikukuu ya Kupaa kwa Bwana mbinguni inakaribia, na kwamba mwenye kuahidi hapo kumtuma Roho Mtakatifu ni yuleyule ambaye sasa tunajua ameshinda kifo. Badala yake tulipewa nasaha za jumla kuhusu malezi na karo, na siku ya mzabibu na matawi tafakari iliishia kwenye mchango wa ujenzi. Michango ina mahali pake katika matangazo ya Dominika. Kuiingiza katika Neno la alfajiri kunamvunja moyo aliyefungua simu ili asali.

Pungufu jingine ni kunyamazia somo la kwanza. Katika kipindi hiki chote somo hilo hutoka katika Matendo ya Mitume, na kitabu hicho hutembea sambamba na Yohane mpaka asubuhi ya Jumamosi kabla ya Pentekoste, ambapo vyote viwili hufikia aya zao za mwisho, Paulo akihubiri Roma na Petro akiambiwa amfuate Bwana bila kuuliza habari za mwenzake. Sentensi mbili tu kila siku zingetosha kuonyesha kwamba Petro aliyekana ndiye anayesimama mbele ya Baraza la Wayahudi bila woga.

Ubora wa sauti kwa jumla ni mzuri, isipokuwa rekodi chache zilizofanyiwa nje ambamo upepo ulifunika maneno. Maandishi hayaambatanishwi, na kwa hiyo wasiosikia vizuri wananyimwa huduma ambayo ingewafikia kwa kazi ndogo tu ya kuchapa.

Naipendekeza bila kusita kwa majuma matatu ya kwanza na la mwisho. Ombi langu kwa waandaaji ni kwamba rekodi zihifadhiwe, kwa kuwa Injili za siku za juma katika kipindi cha Pasaka ni zilezile kila mwaka, na zinazobadilika kwa mzunguko wa miaka mitatu ni za Dominika. Zilizo bora zinaweza kutumwa tena mwakani, na nguvu zielekezwe kuandaa upya hotuba ya kuaga. Anayetaka kujiunga humpa katibu wa jumuiya yake namba ya simu. Afadhali afanye hivyo kabla ya Juma Kuu, kwa maana rekodi za Oktava haziwafikii wanaochelewa kuandikishwa.